Sufuria ya Abunuwasi na hadithi zetu za akili unde

Mhariri,

Nimesoma kwa furaha tangazo lenu la kuwaalika wasomaji walete hadithi fupi za kubuni kuhusu akili unde na maisha ya binadamu katika miaka mingi ijayo, na nimesoma vilevile hadithi mliyoitoa Jumapili iliyopita iwe kielelezo kwa watakaopenda kushiriki. Kwa tangazo nawapongeza. Kuhusu kielelezo, naomba nafasi ya kusema jambo moja kwa kirefu kidogo, kwa kuwa nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari za mkoa wa Tanga kwa miaka 34, na hadithi ya namna ile naijua kama ninavyoijua barua ya mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda msibani kwa mara ya tatu katika muhula mmoja: najua itakavyoanza, najua itakapopinda, na mwisho wake naweza kuuandika kabla mwenyewe hajaufikia.

Kuna mji wa maghorofa ya vioo. Kuna mwanasayansi mwenye jina la kigeni, mpweke, asiye na mke wala shangazi. Kuna roboti anayefumbua macho usiku wa manane na kutambua kwamba binadamu ni adui, na baada ya kurasa mbili mji unawaka moto na watu wachache waliosalia wanakimbilia milimani. Mwandishi wenu ana kalamu nzuri, na sentensi zake zimenyooka, kwa hiyo simlaumu yeye. Ninachokilalamikia ni kwamba hadithi hiyo si yake. Ameipokea ikiwa imekwisha kupikwa, akaipakua.

Mwaka jana nilialikwa kuwa mmoja wa waamuzi watatu wa mashindano ya hadithi fupi za wanafunzi, ambayo waandaaji wake sitawataja, kwa sababu walinikirimu vizuri na sina ugomvi nao. Mada ilikuwa dunia ya mwaka 2100. Tulipokea hadithi 31, nami nikazisoma zote barazani kwangu hapa Pangani, kwa siku nne, nikiwa na kalamu nyekundu ambayo mwishowe sikuitumia sana. Hadithi 24 kati ya hizo zilimalizika kwa mashine kuuteketeza mji. Miji iliyoteketezwa ilikuwa New York, Tokyo, London, na mmoja uliobuniwa ambao nao ulikuwa na barabara za chini kwa chini na theluji. Hakuna hata mwanafunzi mmoja aliyeiunguza Korogwe. Nilijiuliza kama mashine hizo zinaihurumia Korogwe, au kama watoto wetu wamekwisha kuamini kwamba wakati ujao, hata ukiwa wa balaa, ni jambo linalowatokea watu wengine.

Neno lenyewe roboti lina asili ambayo ingetufaa kuikumbuka kabla hatujashika kalamu. Lilianzia katika tamthilia ya Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki, iliyochapishwa mwaka 1920 na kuoneshwa jukwaani Prague mwaka uliofuata. Aliyelipendekeza ni kaka yake Josef, mchoraji. Katika lugha yao robota ni kazi ya kulazimishwa, zile siku ambazo mkulima asiye na ardhi yake alidaiwa na bwana mwenye ardhi. Sisi tunalo neno lake hasa, na wazee wetu walilijua kwa migongo yao: shokoa. Tena roboti wa tamthilia ile hawakuwa wa chuma hata kidogo. Walikuwa viumbe waliotengenezwa kiwandani kwa kitu mfano wa nyama, wenye sura za watu, wasiolipwa ujira na wasiohesabiwa kuwa na roho, wakauzwa kwa maelfu duniani kote ili wafanye kazi ambayo wenye nayo hawakutaka kuifanya.

Mtu wa Tanga akisoma maelezo hayo hahitaji kamusi. Hao ni manamba, vibarua wa mashamba walioitwa kwa namba zao. Wataalamu wa historia wameandika mengi kuhusu vibarua walioletwa katika mashamba ya mkonge kutoka Songea, Kigoma, Ruanda-Urundi na Msumbiji, na kuhusu ofisi ya kuwaandikisha iliyoanzishwa na wenye mashamba mwaka 1944, lakini mimi nitasema ninachokikumbuka. Nilipokuwa mtoto huko Muheza tulikuwa na jirani, mkata mkonge wa zamani, mpole, mwenye mikono iliyojaa makovu ya miiba, ambaye kila mtu alimwita Mzee Tisini. Tulimwamkia hivyo, tulitumwa kwake hivyo, na mkewe alipomzungumza alisema hivyo hivyo. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wangu nilipotambua kwamba hilo halikuwa jina.

Basi hofu ya roboti kuasi ni hofu ya nani? Ni hofu ya mwenye shamba, anayelala na ufunguo chini ya mto kwa sababu anajua alichowafanyia wale waliolala kambini. Ni haki yake kuota ndoto hiyo, na baadhi ya waandishi wa Ulaya na Marekani wameiota kwa ustadi mkubwa. Swali langu ni kwa nini mjukuu wa Mzee Tisini naye aiote, tena akiwa amejilaza kwenye kitanda cha yule setla, akiogopa kwa niaba yake. Pangani hii ninayoiandikia ilikuwa mwisho wa njia ya misafara ya pembe na ya watumwa. Watu walifikishwa hapa wakiwa wamefungwa, wakavushwa bahari kupelekwa visiwani na mbali zaidi. Ikiwa kuna pwani duniani inayopaswa kujua hadithi ya mfanyakazi asiye na jina inavyoonekana kwa ndani, ni hii.

Si kwamba wenzetu wote wameandika kwa hofu hiyo. Isaac Asimov, huko Marekani, alichoshwa mapema na mashine zinazowageukia walioziunda, na mwaka 1942 akatoa hadithi fupi ambamo kanuni zake tatu zilitajwa waziwazi kwa mara ya kwanza: roboti asimdhuru binadamu, atii amri, ajilinde, na kila kanuni iishie pale inapogongana na iliyoitangulia. Wasomaji wengi wanazikumbuka kanuni na kuisahau hadithi, nayo ndiyo nzuri. Roboti ametumwa katika sayari ya Utaridi kuchota madini kwenye dimbwi lenye hatari. Aliyemtuma hakuikazia amri, alisema kama mtu anayesema ukipita huko uniletee chumvi. Na kwa kuwa roboti mwenyewe ni wa gharama kubwa, waliomuunda walikuwa wamekaza zaidi ile kanuni ya kujilinda. Matokeo yake ni kwamba akilisogelea dimbwi hatari inamrudisha, akirudi nyuma amri inamvuta, na analizunguka dimbwi hilo saa baada ya saa, akiimba kama mlevi, huku waliomtuma wakikaribia kufa kwa joto. Hakuna uasi hapo, wala chuki. Kuna aliyetumwa vibaya.

Na lugha yetu ilikwisha kuyaweka mambo haya katika mzizi mmoja kabla kompyuta haijafikiriwa. Mtumwa ni aliyetumwa. Kutumia ni kulekule kutuma, kumerefushwa kidogo. Mtumishi yumo humo, mtume yumo humo, na sisi sote ambao kampuni za simu hutuita watumiaji tumo humo, ingawa siku hizi sina hakika sana ni nani anayemtuma mwenziwe pale ninapomwona mjukuu wangu ameinamia simu tangu alasiri hadi adhana ya isha. Mwandishi wa Kiswahili anayetaka kuandika kuhusu akili unde amekalia hazina hii, na bado anakwenda kuazima kwa jirani.

Neno kuazima linanileta kwa Abunuwasi, ambaye naona ndiye aliyeandika hadithi fupi bora zaidi kuhusu akili unde, ingawa hakukusudia. Wasomaji wengi waliisikia wakiwa watoto. Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani, na alipoirudisha ndani yake mlikuwa na kisufuria kidogo. Jirani akauliza hiki nini, akajibiwa kwamba sufuria yako imezaa. Jirani, badala ya kubisha, alishukuru akachukua vyote viwili. Siku nyingine Abunuwasi akaazima sufuria kubwa zaidi, siku zikapita, na mwenyewe alipoifuata akaambiwa kwa masikitiko kwamba sufuria imefariki. Akapiga kelele, akamburuza kwa kadhi, na kadhi akamuuliza swali moja tu: ulipoambiwa imezaa, uliamini?

Tazameni sasa mambo tunayoyashuhudia. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mtaalamu wa kompyuta wa chuo cha MIT, alitangaza programu ndogo iliyoigiza mazungumzo ya tabibu wa nafsi. Haikuwa na elimu yoyote. Iliyachukua maneno yako na kukurudishia yakiwa swali, kama anavyofanya mtu asiyekusikiliza lakini hataki uondoke. Weizenbaum alisimulia baadaye kwamba katibu wake, ambaye alimwona kwa miezi mingi akiiunda na alijua fika kwamba ni programu, baada ya kuzungumza nayo kidogo alimwomba atoke chumbani awaache peke yao. Jambo hilo lilimtia hofu akaandika kitabu kizima cha kuonya. Sufuria ilikuwa imezaa, na aliyeamini hakuwa mjinga; alikuwa binadamu mwenye jambo moyoni.

Lakini katika hekaya yetu kicheko hakimwangukii mtu mwenye jambo moyoni. Kinamwangukia mwenye sufuria aliyekubali uzazi kwa sababu ulimletea faida na kukataa kifo kwa sababu kilimletea hasara. Na hapo ndipo ninapowaona wenye mitambo ya leo. Vitabu, magazeti na maandishi ya watu yalipokuwa yakikusanywa kwa wingi usiohesabika ili mashine ifundishwe, tuliambiwa kwamba mashine inasoma kama mtu anavyosoma, inajifunza kama mtoto anavyojifunza, na ni nani atamdai mtoto fedha kwa sababu alisoma? Mashine hiyo hiyo inapomzulia mtu kosa ambalo hakulifanya, au inapompa mgonjwa ushauri wa kumuua, tunaambiwa kwamba hiki ni chombo tu, na mwenye kukitumia ndiye mwenye jukumu. Imezaa wakati wa kuvuna na imekuwa bati wakati wa kulipa. Gazeti la New York Times lilikwenda mahakamani Desemba 2023 kuzishtaki kampuni za OpenAI, inayounda akili unde, na Microsoft kwa kutumia makala zake bila ruhusa, nami nikisoma habari za kesi ile sikuacha kumwona kadhi wa Baghdad amekaa pale mbele na kilemba chake, akingoja zamu yake ya kuuliza.

Hiyo ndiyo hadithi ya kubuni ninayotamani mtu aiandike, iwe katika mwaka 2100 au 2300, ambamo mashine inatangazwa kuwa hai siku ya Jumatatu na kuwa chuma siku ya Jumanne, na mtu mmoja mwenye akili ya Abunuwasi anaamua kuwashika kwa neno lao. Haihitaji moto, na wala haihitaji theluji.

Jambo jingine ambalo hadithi za uasi hutuficha ni mtu aliyemo ndani ya sanduku. Mwaka 1770 Wolfgang von Kempelen aliwaonesha watu wa jumba la kifalme la Vienna sanduku kubwa lenye sanamu ya mtu aliyevaa kilemba cha Kituruki, ikicheza sataranji na kuwashinda wengi. Milango ya sanduku ilifunguliwa, magurudumu ya shaba yakaonekana, kila mtu akaridhika kwamba ni mashine. Sanamu hiyo ilizungushwa Ulaya na Marekani kwa miongo mingi hadi ilipoungua Philadelphia mwaka 1854, na muda wote huo ndani yake alijikunja mchezaji hodari wa sataranji, akipumua moshi wa mshumaa. Tunaijua michezo iliyochezwa na sanamu hiyo vizuri kuliko tunavyowajua waliojikunja.

Januari 2023 jarida la Time la Marekani lilieleza namna vijana wa Nairobi walivyolipwa chini ya dola 2 kwa saa ili wasome, kutwa nzima, maelezo ya ubakaji, mateso na mauaji, na kuyawekea alama, kusudi mashine mashuhuri ya kuzungumza ijifunze yapi isiyaseme. Kama mashine hiyo ina adabu, adabu hiyo ilifundishwa na watu waliorudi nyumbani jioni wakashindwa kula. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka Mzee Tisini na makovu yake. Ni mkonge wa namna nyingine, na miiba yake inachoma mahali pasipoonekana. Sasa, mwanafunzi wetu anapoandika kwamba mashine imeamka na kuanza kufikiri yenyewe, huyu kijana wa Nairobi yuko wapi katika hadithi? Amefutwa mara mbili, kwanza na mwajiri, kisha na mwandishi.

Wala si kweli, kama nilivyomsikia mwalimu mmoja kijana akidai, kwamba Kiswahili hakina desturi ya kuutazama wakati ujao. Marehemu Katama Mkangi alichapisha Walenisi mwaka 1995, riwaya ambamo mtu aliyehukumiwa kifo anatiwa katika chombo cha kurushwa angani na kufika katika nchi ngeni yenye utaratibu wa haki ambao kwao haukuwapo. Na ukilikata jina la nchi hiyo vipande utaona limetuambia nini: wale ni sisi. Chombo cha angani kimo, sayari imo, na hakuna aliyelazimika kuitwa John. Mtakaowaita washindani wenu, wapeni kazi ya kukitafuta kitabu hicho kwanza. Najua hakipatikani kwa urahisi madukani, na hilo ni lalamiko la barua nyingine.

Nirudi kwenye barazani kwangu, kwenye zile hadithi 31. Tatu kati yake hazikuandikwa na mtoto, na sidhani kwamba ziliandikwa na mtu. Nilizitambua kwa usafi wao. Hazikuwa na kosa la tahajia, kila aya ilikuwa na urefu uleule, kila mhusika alikuwa na moyo uliojaa matumaini, na kila moja ilinifundisha mwishoni kwamba teknolojia ni nzuri ikitumiwa kwa busara. Moja ilikuwa na mvuvi wa hapa hapa Pangani, aliyekaa ufukweni jioni akilitazama jua likizama polepole baharini, maji yakigeuka rangi ya dhahabu. Nikaiweka chini. Anayekaa Pangani anajua kwamba jua letu hutoka baharini asubuhi na jioni huzama bara, nyuma ya minazi. Mvuvi akitaka kuliona likizama huku akitazama bahari itambidi ahamie Angola. Nilipokutana na kijana aliyewasilisha hadithi hiyo sikumtuhumu. Nilimuuliza tu kwao jua huzama upande gani. Alicheka, akatazama viatu vyake, na hatukusema zaidi.

Simwoni kijana huyo kuwa mhalifu. Yeye naye ametumia, na pengine ametumiwa. Lakini lilinikaa moyoni kwamba mashine iliyosoma maandishi ya dunia nzima haikuwa imewahi kupata mtu wa kuiambia jua la Pangani linazama wapi, na kwamba ikiwa sisi wenyewe tutaendelea kuandika hadithi za New York, basi hata vizazi vya mashine vijavyo havitaambiwa.

Sasa nifike kwenye jambo la sarufi, ambalo mnisamehe, ni ugonjwa wa kazi. Hadithi karibu zote zilitatizika mahali pamoja, na sikuwahi kuliona tatizo hilo hadi nilipozisoma kwa mfululizo: roboti ilisema, au roboti alisema? Mwanafunzi huanza na ilifika, ilisimama, iliwasha taa, na anapofika katikati, bila kujua, kalamu inageuka na kuandika alikasirika. Mimi mwenyewe katika barua hii nimewaita roboti wa Čapek na yule wa Asimov kwa ngeli ya watu, na mashine nimeiita kwa ngeli ya vitu, na sikuketi kuamua, ulimi uliamua. Kiswahili hakimpi mwandishi mahali pa kujificha. Katika kila kitenzi anadaiwa jibu la swali ambalo wanafalsafa wanaliandikia vitabu, kama kilicho mbele yake ni nani au ni nini. Na Abunuwasi, kwa ujanja wake wote, hakuthubutu kusema sufuria amezaa. Alisema imezaa, imekufa. Uongo aliutia katika kitenzi na kiambishi akakiacha salama, na nadhani hiyo ndiyo sababu jirani aliumeza.

Nimelisema hilo kwa sababu ya hadithi moja, iliyoandikwa na msichana wa kidato cha pili kwa mkono, katika daftari la kurasa 48 ambalo nusu yake ya mwanzo ni mazoezi ya jiografia. Inatokea katika kijiji cha wavuvi ng'ambo ya mto. Mlangoni mwa zahanati kuna mashine inayowapokea wagonjwa na kuwauliza wanaumwa nini, na sauti yake ni ya mwanamke wa pale pale, aliyekwisha kufariki, ambaye katika ujana wake aliwahi kulipwa vocha za simu ili asome sentensi mia nne kwa sauti: mtoto ana homa tangu lini, maumivu yapo upande gani, umekula nini asubuhi. Binti yake, mchuuzi wa dagaa ambaye naye sasa ni mtu mzima, anaanza kufika zahanati kila jioni akitoka sokoni. Siku moja ni jino, siku moja ni goti, siku moja ni kizunguzungu. Anaulizwa, anajibu, anarudi nyumbani na ndoo yake. Mganga wa zahanati anapopekua kumbukumbu za mwaka anakuta mgonjwa mmoja mwenye maradhi 41 na hakuna hata dawa moja aliyokwenda kuichukua dirishani, akataka kuripoti kwamba mashine imeharibika.

Jioni ya mwisho yule mchuuzi anakosa ugonjwa wa kusema. Anakaa kwenye benchi, anaweka ndoo chini, nzi wanaizunguka, na anaiomba mashine imwite kwa lile jina la utotoni ambalo mama yake pekee alikuwa akimwita. Jina hilo halimo katika zile sentensi mia nne. Hapo mwanafunzi ameandika ilinyamaza, akakata kwa mstari. Juu yake ameandika alinyamaza, akakata hilo nalo, kwa nguvu, karatasi ikatoboka kidogo. Kisha pembeni, kwa herufi ndogo, ameandika kukawa kimya.

Waamuzi wenzangu wawili walisema hadithi ni nzuri lakini haina sayansi, haina vita, na hatujaambiwa mashine inafanyaje kazi. Nilibishana nao hadi chai ikapoa, kura ikawa mbili kwa moja. Zawadi ya kwanza ilikwenda kwa Tokyo inayowaka moto, na msichana akapewa cheti cha kushiriki na kalamu. Alinifuata nje kuniuliza kama kukawa kimya ni sahihi, kwa kuwa mwalimu wake alikuwa ameizungushia duara jekundu. Nikamwambia ni sahihi.

Daftari liko kwangu, nimelifunga kwa gazeti lenu la zamani lisiingie unyevu. Yeye na mama yake wameniruhusu kuwaletea nakala mkitaka kuitoa katika ukurasa wa fasihi, kwa sharti moja ambalo msichana alilisema mwenyewe na nikaahidi kulifikisha: yale maneno mawili aliyoyakata nayo yachapwe, na mistari iwe juu yake.

Wenu,
Mwalimu mstaafu wa Kiswahili,
Pangani, Tanga